Salama, Ila

Fundi Kasian Komba alimaliza zamu yake kama kawaida. Alinawa grisi kwa sabuni ya unga, akavua kofia ngumu, akasimama mbele ya kipaza sauti kilichopachikwa ukutani nje ya ukumbi wa kompresa. Sauti ya kike isiyo na umri ikamuuliza:

"Habari ya Kompresa B?"

"Salama. Salama kabisa, tunamshukuru Mungu. Ila tangu asubuhi inasaga meno."

Taa ya kijani ikawaka. Chini yake likatokea neno moja: SALAMA.

"Haya," Kasian akaiambia taa. "Sikio la kufa halisikii dawa." Akaondoka kwenda kunywa chai.

Injinia Sikudhani Mbawala alikuwa amesimama nyuma yake. Mkononi alishika kishikwambi chenye mchoro wa mtetemo wa kompresa hiyohiyo. Katikati ya mawimbi ya kawaida ulisimama mwiba mwembamba, mahali hasa ambapo beringi inayoanza kupasuka huweka alama yake. Kila gololi inapopita juu ya ufa hugonga mara moja, na mgongano huo una mwendo wake, usiofanana na wa kitu kingine chochote ndani ya mashine. Juzi mwiba ulikuwa mfupi. Leo ulikuwa na watoto pembeni, mmoja kila upande, dalili kwamba ufa umeanza kutembea.

Alitazama mwiba, akatazama taa ya kijani. Kimoja kati ya hivyo viwili kilikuwa kinasema uongo, na mwiba haukuwa umefundishwa kusema.

Kiwanda kilitengeneza mbolea kutokana na gesi. Kabla ya kuwa mbolea, gesi iligeuzwa amonia, na amonia ilikaa kwenye tangi kubwa ikiwa baridi kupita barafu. Kazi ya kompresa ilikuwa kuuvuta mvuke wake, kuugandamiza na kuurudisha ukiwa maji, mchana na usiku, ili tangi lisipate joto. Kompresa zilikuwa mbili. A ilikuwa imefumuliwa, ikingoja vipuri. B ikisimama, kiwanda kizima kinasimama. B ikivunjika ikiwa inazunguka, shafti inacheza, mpira unaoiziba unachanika, na amonia inatoka. Amonia hutafuta maji. Maji yaliyo karibu zaidi na mtu ni ya macho yake, ya koo lake na ya mapafu yake.

Kwa ajili ya mambo kama hayo liliundwa Sikio, lile lililouliza habari ukutani.

*

Sikudhani alimkuta Kasian kantini, ana kikombe cha chai ya rangi na sahani ya viazi vya kuchemsha.

"Shikamoo, Mzee Kasian."

"Marahaba, Injinia. Umekuja kunisikiliza au kunirekodi?"

"Kuuliza. Kwa nini umesema salama?"

"Nimesema inasaga meno."

"Umeanza na salama."

Kasian aliweka kiazi chini, akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa suruali.

"Nianze na nini sasa? Mtu amekuuliza habari, umwagie msiba usoni kama maji ya vyombo? Siku baba yangu alipofariki, kaka yangu alinipigia simu. Akaniuliza habari za watoto, nikasema nzuri. Nikamuuliza habari za huko, akasema salama, wote wazima, ila mzee ametutoka. Ndivyo watu wanavyoongea."

"Lile ni Sikio, si kaka yako."

"Limeuliza kwa adabu. Mngelifundisha kuuliza 'kuna ubovu gani,' ningelijibu ubovu."

Mafundi wawili wa meza ya jirani walicheka. Sikudhani hakucheka. Alikuwa ameelewa jambo, na alitaka kulihakiki lisibaki wazo tu.

Alirudi ofisini. Yeye alikuwa Mtunza Maneno wa kiwanda, cheo ambacho watu wa nje walidhani ni cha mshairi. Kila kiwanda nchini kilikuwa na mmoja. Sikio lilizaliwa kwa sababu viwango vya mtetemo vilivyokuja na mashine vilipimwa katika nchi za baridi, kwenye misingi ya zege isiyochimbwa na chumvi. Vilidanganya huku na huku. Ndipo wabunifu wakaamua kuwatumia watu waliozijua mashine kwa masikio yao. Kila zamu ilipobadilishwa, fundi aliulizwa habari, na jibu lake likafungwa pamoja na mtetemo wa saa ileile. Baada ya miaka ya majibu kutoka viwanda vyote, Sikio lilijua lenyewe mtetemo upi huitwaje. Lilikuwa na maneno matatu: Salama, Mgonjwa, Mbovu. Mafundi waliendelea kuulizwa ili lisisahau.

Waliolibuni walikuwa watu wa haraka. Walitaka hukumu, hawakutaka hadithi. Jibu la fundi lilikatwa baada ya neno la kwanza la hali, na kilichofuata kikatupwa.

Sikudhani alifungua kumbukumbu za mashine zilizovunjika, za viwanda vyote; hizo pekee zilihifadhi majibu kwa maandishi bila kukatwa, kwa ajili ya wakaguzi. Alitafuta kila mashine ilijibiwa nini katika siku zake za mwisho. Alitegemea kukuta makosa yaliyotawanyika ovyo, kama makosa yalivyo. Hakuyakuta. Alikuta mstari ulionyooka. Mashine nzima zilijibiwa kwa mkato: "ipo," "inadunda," "kama jana." Zilizokaribia kuvunjika zilijibiwa "salama," kisha "salama kabisa," na wiki ya mwisho "salama salimini, tunamshukuru Mungu." Mwenye habari mbaya huanza mbali. Kadiri habari ilivyokuwa mbaya, ndivyo salamu ilivyorefuka.

Sikio halikuwa limekosea kusikia. Lilikuwa limesikia vizuri mno. Lilijifunza kwamba mtetemo wa mashine inayokufa huitwa Salama, na kwa jambo hilo lilikuwa na uhakika kuliko jambo lingine lolote.

*

Meneja Lwoga aliutazama mchoro kwa heshima yote.

"Mzuri," alisema. "Nipe nakala niutundike sebuleni. Lakini Sheria ya Usikizi haisomi michoro, Injinia. Unajua kwa nini?"

Alijua. Zamani mainjinia walibishana juu ya michoro wiki nzima huku viwanda vimesimama na wakulima wanangoja mbolea mvua imeshaanza. Sheria ikafunga mjadala. Mashine huzimwa Sikio likisema Mbovu, au vipimo viwili vya mkono, kimoja kila mwisho wa shafti, vikipita kiwango. Anayezima nje ya hapo anapoteza leseni, na meneja wake pia.

"Niletee vipimo viwili," Lwoga alisema, "nitaizima kwa mkono wangu huu. Sitakuuliza swali. Unaniona mimi ni mtu wa kupenda mazishi?"

"Fundi wa zamu inayoingia hana leseni ya kipimo cha mkono."

"Kasian anayo."

"Ameshatoka."

"Yuko kantini anakula viazi. Hajatoka huyo, amehama meza."

Kasian alipoelezwa, hakukataa. Aliifuta midomo kwa kiganja, akauliza swali moja.

"Funguo za Sikio si unazo wewe?"

"Ninazo."

"Basi liambie B ni mbovu. Neno moja. Litawasha taa nyekundu, tutazima, kila mtu alale kwake. Mimi nitaapa nilisema mbovu, wewe hukusikia vizuri."

"Hukusema mbovu."

"Injinia. Mashine ni mbovu au si mbovu?"

"Naamini ni mbovu."

"Sasa uongo uko wapi?"

Sikudhani alimjibu kama alivyowajibu wanafunzi wake, kwa mfano. Mtunza Maneno mmoja, katika kiwanda cha mbali, aliwahi kuingiza Mbovu ambayo hakuna fundi aliyeitamka. Pampu yake ilikuwa mbovu kweli, akaokoa watu wake. Lakini Sikio ni moja kwa nchi nzima. Lilijifunza neno lile kwa mtetemo ule, na mwezi uliofuata likausikia mtetemo unaofanana katika mtambo wa oksijeni wa hospitali, mtambo mzima usio na kasoro. Likauzima. Wodi ya watoto ilikuwa na mitungi ya akiba isiyotosha.

"Ukilipa Sikio neno ambalo halikutamkwa," alisema, "hujui litakuja kulisema wapi."

Kasian alitikisa kichwa taratibu.

"Kwa hiyo uongo wa adabu linameza, wa kuokoa mtu linakabwa nao." Akasimama, akachukua kofia yake ngumu. "Haya. Dakika chache, eti?"

"Dakika chache, Mzee wangu."

"Dakika za mainjinia nazijua. Niwekee chai yangu isipoe."

*

Chumba cha kusikilizia kilikuwa upande wa pili wa ukuta mnene usio na dirisha. Sheria ilitaka Mtunza awe humo, apokee kila kipimo kwa redio na kukithibitisha kwa sauti. Sikudhani alikaa, akaweka kishikwambi mbele yake. Mwiba ulikuwa umepanda tena.

"Umefika?"

"Nimefika." Nyuma ya sauti ya Kasian kompresa ilivuma. "Nimeisalimia. Haijaitikia. Mashine za siku hizi hazina malezi."

"Weka kipimo upande wa mota."

"Kimekaa."

"Hali?"

"Salama, Injinia, ila—"

"Namba, Mzee Kasian," alisema Sikudhani huku amebonyeza kitufe cha redio. "Nipe namba."

Redio zile zilibeba sauti moja kwa wakati. Anayebonyeza humkata anayesema. Alipoachia kitufe, ulisikika mvumo tu, kisha kikohozi.

"Kumi na moja," alisema Kasian.

Kiwango kilikuwa saba.

"Kumi na moja, nathibitisha. Nenda upande wa pili."

"Nakwenda."

Ilimbidi azunguke kompresa yote, apite karibu na mpira wa kuzibia. Sikudhani alimsikia akikohoa tena. Alitazama mchoro. Mwiba ulipotea. Kwa muda mfupi mawimbi yote yalipanda pamoja, yakajaa kioo, kisha yakaanguka, ukabaki mstari uliolala.

"Mzee Kasian, nipe namba."

Alirudia mara ya pili, tayari ving'ora vya gesi vikilia. Vihisio vya amonia havikuhitaji adabu wala maneno matatu. Vilipiga kelele.

Wazima moto wa kiwanda walifanya kazi yao vizuri, na lazima isemwe hivyo. Walifunga vali ya tangi kwa mbali, wakaweka pazia la maji kati ya ukumbi na mtaa wa jirani. Watu wa mtaa waliofundishwa walikimbia kuukata upepo, kanga na mashati yaliyolowa yakiwa yamefunika pua, na wasiofundishwa waliwafuata. Wengi walipelekwa hospitali, wote walirudi. Kasian alikutwa mita chache kutoka mlangoni. Kipimo kilikuwa bado mkononi mwake, kwa sababu fundi haachi kifaa.

Ukutani, juu ya kipaza sauti, taa ilikuwa ya kijani. Kompresa iliyosimama haitetemi.

*

Mkaguzi alitumwa kutoka makao makuu. Alikuwa mtu mpole mwenye kalamu moja. Alisikiliza, akasoma, akapima umbali kwa hatua zake mwenyewe.

"Ulihitaji vipimo viwili, ukaagiza vipimo viwili," alimwambia Sikudhani. "Ulimtuma mwenye leseni. Ulikuwa chumbani kama inavyotakiwa. Sioni ulipokosea."

"Kuna uchunguzi wangu kuhusu salamu."

"Nimeusoma. Ni kazi bora. Nitaupendekeza kwenye mafunzo."

Baada ya mkaguzi kuondoka, Sikio lilimletea Sikudhani kazi iliyobaki. Kila sauti iliyonaswa karibu na mashine ilikaa nzima siku chache kabla ya kukatwa, na Mtunza alipaswa kuithibitisha. Vipaza sauti vya ukumbini havikuwa redio. Havikukatwa na kitufe cha mtu.

Alibonyeza asikilize.

"Salama, Injinia, ila macho yananiwasha."

Kisha kimya, kile ambacho sauti yake mwenyewe ilikuwa imekijaza redioni. Kisha kikohozi. Kisha kumi na moja.

Alisikiliza mara moja tu. Mara moja ilitosha. Macho ya fundi huwasha kabla kihisio cha ukutani hakijafikiwa na gesi. Mpira ulikuwa umeshaanza kuvuja. Mtu aliyesikia maneno yale angesema toka. Siku ileile alikuwa amethibitisha kwamba Sikio hukata baada ya neno la kwanza na kutupa ila, na alikuwa sahihi. Alikuwa na mfano mmoja zaidi wa kuongeza kwenye uchunguzi wake.

Kwenye kioo Sikio lilikuwa limeshakata, linangoja: SALAMA. Thibitisha?

Kilichotamkwa kilikuwa salama. Hakuna aliyetamka mbovu. Sikudhani alichomeka ufunguo wake, akafuta neno, akaandika MBOVU, akathibitisha kwa jina lake. Ulikuwa uongo wa kwanza kuuingiza katika kazi yake. Lilikuwa neno lilelile Kasian alilomwomba kantini, na sasa halikuwa na mtu wa kumwokoa. Huenda mwezi ujao lingezima kitu kizima mahali pengine. Alilijua hilo alipokuwa akibonyeza.

Makao makuu yalijibu uchunguzi wake kwa waraka mfupi. Kubadili namna ya kukata kungehitaji kulifundisha Sikio upya tangu mwanzo, na bajeti ya hilo haikuwepo. Badala yake ilikatazwa kusalimiana na Sikio. Fundi ataje hali moja kwa moja. Sauti ya ukutani ikabadilishwa. Badala ya "habari ya Kompresa B" ikawa inasema "Kompresa B. Hali."

Sikudhani alisimama nyuma ya fundi mpya wa zamu, binti mrefu aliyeitwa Odilia, siku B iliyotengenezwa ilipowashwa tena na sauti ile ikaanza. Odilia aliivua kofia, akafungua mdomo, akasita. Alionekana kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila hodi.

"Salama," alisema. Akaziba mdomo kwa mkono. "Samahani, Injinia. Limenitoka tu."

Taa ikawaka kijani.

*

Siku ya arobaini Sikudhani alikwenda nyumbani kwa marehemu. Misa ilikuwa imekwisha. Wanawake walikuwa jikoni uani, wanaume chini ya turubai, na kiwanda kilikuwa kimeleta mchele. Mjane, Mama Gaudensia, alikuwa ameketi mkekani ukumbini, mguu mmoja ameunyoosha. Sikudhani alivua viatu, akapiga goti, akampa mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazini?"

"Nzuri," alisema Sikudhani, na alilisikia neno hilo likitoka. "Habari za hapa?"

"Salama. Tunamshukuru Mungu, watoto wamefika wote, hata wa mbali." Mama Gaudensia alipangusa kitu kisichoonekana kwenye kanga yake. "Ila ndiyo hivyo."

Wanawake waliokuwa karibu waliitikia kwa pumzi, kama inavyoitikiwa. Hapo ndipo mgeni husema pole, na mazungumzo yakahamia kwenye chakula. Mmoja wao alikuwa ameshashika sahani amkaribishe.

Sikudhani hakusema pole. Alibaki amepiga goti.

"Ila nini, mama?"

Aliyeshika sahani aliirudisha chini. Halikuwa swali la msibani. Mama Gaudensia alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie, akamtazama kwa muda, kama anayepima iwapo kweli anataka kujibiwa.

"Ila alikuwa ameshamaliza zamu," alisema.

"Ndiyo, mama," alisema Sikudhani. "Alikuwa ameshamaliza."